Kibanio Namba Tisa

Ofisini kwao kulikuwa na kamba ya kuanikia nguo, na hakuna aliyewahi kuanika nguo juu yake. Ilifungwa kwenye misumari miwili, kutoka dirishani mpaka kwenye kabati la mafaili, na juu yake vilibanwa vibanio vya plastiki, kila kimoja kimeandikwa namba kwa wino mzito. Mgeni akiingia mara ya kwanza aliitazama kamba, akatazama kompyuta kumi na mbili zilizopangwa chini yake, kisha akauliza choo kiko wapi. Watu wana aibu zao. Hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini kampuni ya kutengeneza programu inaanika hewa.

Mwenye kamba alikuwa mama wa miaka hamsini na minne, mwenye miwani iliyofungwa uzi na sauti ya kusimamia harusi bila kipaza. Walimwita Mama Vibanio. Mtoto wa kumzaa hakuwa naye, lakini ukishafika umri fulani na ukajua kufoka vizuri, umama unakuja wenyewe.

Kazi yake, ukimuuliza, alikujibu kwamba ni kudanganya kompyuta. Wala hakuwa anatia chumvi. Kampuni yao ilitengeneza programu ya mashine pepe, yaani kompyuta ya uongo inayoishi ndani ya kompyuta ya kweli. Ile ya uongo inaambiwa: wewe una kumbukumbu, una diski, una feni. Nayo inaamini, maskini, inafanya kazi za watu kutwa nzima bila kujua kwamba haina hata skrubu moja ya kwake. Ndani ya seva moja tu, lile dude jeusi lililokuwa likinguruma chumba cha nyuma, ziliishi mashine za uongo thelathini, na kila moja ilijiona mwenye nyumba.

Sehemu ya Mama Vibanio katika udanganyifu huo ilikuwa diski, hasa zile za pamoja, ambapo mashine nyingi hushika diski moja. Hapo ndipo penye kazi. Swali lenyewe ni dogo hata linatia aibu: diski ifutwe lini? Ukiifuta mapema, yupo mtu bado anaitumia, umemwaga unga wake. Usipoifuta kabisa, seva inajaa makorokoro yasiyo na mwenyewe. Watu wenye digrii mbilimbili wamegombana kwa swali hilo mpaka wakanyimana salamu.

Jibu lake yeye alilipata kwa baba yake, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Baba alikuwa dobi. Kamba ilikuwa moja na wateja wengi, kwa hiyo kila mteja alikuwa na kibanio chenye namba yake. Nguo zake zikitoka, kibanio kinatoka. Kamba haikushushwa mpaka kibanio cha mwisho kitoke, hata mvua ije na radi zake. Siku moja kaka yake mkubwa aliishusha kabla ya wakati kwa haraka ya kwenda mpirani, shati la bwana harusi likaanguka kwenye tope, na kipigo alichokipata kaka kiliongelewa mtaani kwa miaka mingi.

Basi binti wa dobi alipokuja kuandika programu, aliandika hicho hicho. Mashine ikishika diski, hesabu inapanda moja. Ikiachia, inashuka moja; kuzimwa tu jioni si kuachia, ni kulala na kibanio chako. Ikifika sifuri, hakuna aliyeshika, futa. Na kwa kuwa hakuamini namba isiyoshikika mkononi, akafunga na kamba ya kweli ukutani, kibanio kimoja kwa kila mashine iliyoshika diski ya pamoja.

Meneja aliichukia ile kamba kwa moyo wake wote. Alikuwa mwanaume nadhifu, mdogo kwa Mama Vibanio kwa miaka kumi na mitano, aliyejipulizia manukato mpaka ngazi zikajua kwamba amepita. Ofisini walimwita Zima-Washa, maana hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila ugonjwa. Printa imegoma? Zima, washa. Mtandao mzito? Zima, washa. Na kila Alhamisi saa nne kamili asubuhi, pawe na tatizo pasiwe na tatizo, aliingia chumba cha nyuma na kikombe chake cha chai akaizima seva nzima, kisha akaiwasha upya. Alisema anaipumzisha.

"Mama, dunia imekwenda mbele," alimwambia mara kwa mara. "Hesabu iko ndani ya programu. Kamba ya nini tena?"

"Ya kukufungia wewe, siku utakapofuta diski ya mtu."

Zamani hesabu ikifika sifuri, programu ilimuuliza mtu kwanza kabla ya kufuta. Meneja akaona ni kupoteza muda, akataka ifute yenyewe. Na Mama Vibanio alikubali. Tuseme ukweli, alikubali kwa majivuno. Alisimama katikati ya ofisi, mikono kiunoni, akatangaza, "Hesabu yangu haijawahi kukosea tangu nizaliwe." Wenzake kumi na mmoja ni mashahidi. Meneja alifurahi, na mwezi huo huo akasimamisha pia nakala za akiba za diski za wanafunzi, kwamba wanafunzi si wateja.

Sasa twende nyumbani kwake, maana huko ndiko alikokuwa mtu wa kufutiwa.

Nyumbani alikuwa na Upepo. Upepo ni binti wa kaka yake, yule yule wa kamba na tope, ambaye ukubwani alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Mama wa binti aliolewa kwingine, na huko kwingine hapakuwa na nafasi. Kaka akamleta mtoto kwa dada yake na begi moja, akasema mlangoni, "Dada, nishikie mwezi mmoja tu." Mwezi huo ulikuwa na miaka mitatu sasa.

Mtoto mwenyewe hakuwa mbaya. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mpole, mwepesi wa kucheka, mwenye akili nyingi na kichwa kisichokumbuka kufunga kitu chochote duniani. Mlango, wazi. Friji, wazi. Taa zinawaka mchana kweupe, pasi ya moto imesimama peke yake mezani, redio inaongea na viti. Ndiyo maana akaitwa Upepo: ungejua alikopita kwa kufuata milango.

"Wewe msichana, ulizaliwa sokoni?" shangazi alimfokea kila jioni, akizunguka nyumba kuzima hiki na kufunga kile.

"Samahani shangazi, nilikuwa nawaza."

"Waza na mlango umefungwa!"

Lakini ni shangazi huyo huyo aliyemwingiza kwenye mafunzo ya pale ofisini. Wanafunzi walikuwa tisa, mafunzo ya mwaka mmoja. Kila mmoja alipewa mashine pepe yake ndani ya seva, na wote tisa walishika diski moja ya pamoja ambamo kila mtu alihifadhi kazi zake. Mwisho wa mwaka unakabidhi programu uliyoitunga mwenyewe. Ukikabidhi unapata cheti, kibanio chako kinatoka kambani, umemaliza. Usipokabidhi, kwaheri, hakuna kurudia.

Upepo alikuwa namba tisa. Alifanyia kazi nyumbani, kwenye kompyuta kuukuu ya shangazi iliyounganishwa na ofisi, na chini ya meza kulikuwa na soketi iliyolegea kiasi kwamba ukipiga chafya plagi inachomoka. Alikuwa anatunga nini, hakusema. "Utaona, shangazi," ndilo lilikuwa jibu lake. Wenzake wanane walizima mashine zao pepe kila jioni kama watu waliolelewa. Yake, ukiondoa zile Alhamisi za Zima-Washa, haikuwahi kuzimwa hata mara moja. Aliinuka tu akaenda zake.

Balaa lilianza Jumatano. Wanafunzi saba walishakabidhi, kambani, upande wa wanafunzi, vikabaki vibanio viwili, namba sita na namba tisa. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa saa sita mchana. Saa tisa hivi namba sita akakabidhi, na katika kufungwa mashine yake pepe ikaanguka kifudifudi, ikazimika vibaya. Hayo hutokea.

Mama Vibanio aliona mashine imeanguka na kibanio bado kipo. Kwa miaka mingi dawa ya hapo ilikuwa moja: mashine iliyoanguka haiwezi kuachia diski yenyewe, kwa hiyo unaiachia kwa mkono. Alichosahau ni kwamba miaka miwili nyuma yeye mwenyewe, kwa vidole vyake hivyo hivyo, aliifundisha programu kufanya kazi hiyo. Mashine ilipoanguka, programu ilishaiachilia. Hesabu ilishashuka kutoka mbili hadi moja. Na hapo ndipo simu yake ilipolia. Alikuwa jirani wa ghorofa ya chini.

"Mama," jirani alisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kata tamaa, "kwangu kunanyesha."

"Kunanyesha vipi na jua hili?"

"Kutoka kwako."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Asubuhi maji yalikuwa yamekatika. Upepo atakuwa amefungua bomba la jikoni, akaona hakuna kitu, akaliacha vile vile akaenda zake dukani. Sasa maji yamerudi. Mama Vibanio, damu ikimchemka, aliandika amri ya kuachia, akabonyeza, akachomoa kibanio namba sita, akanyakua mkoba akatoka mbio. Kioo cha kompyuta hakukitazama. Angekitazama angesoma: *Hesabu: sifuri. Diski ya pamoja imefutwa. Asante.* Yeye ndiye aliyeongeza hilo neno "asante", alipenda programu zenye adabu.

Nyumbani alikuta sakafu imekuwa bwawa, na Upepo amepiga magoti, anakamua tambara kwenye ndoo huku akilia. Alifoka mpaka sauti ikakauka. Kisha, bila hata kuingia chumbani, akampigia kaka yake simu.

"Njoo Jumamosi umchukue mtoto wako. Nimechoka."

"Lakini dada..."

"Ulisema mwezi mmoja. Mwezi umeisha."

Upepo alisikia yote. Aliendelea tu kukamua tambara, na usiku ule kila taa ndani ya nyumba ilizimwa bila mtu kukumbushwa. Hilo ndilo lililomuudhi shangazi kuliko maji.

Alhamisi Mama Vibanio alifika kazini amenuna. Aliweka mkoba, akatazama kamba kwa mazoea. Upande wa wanafunzi, kibanio kimoja, namba tisa. Sawa. Akawasha kioo, akatafuta diski ya wanafunzi kwenye orodha. Haipo. Akavua miwani, akaifuta kwa kanga, akavaa, akatafuta tena. Haipo. Kamba inasema moja, programu inasema sifuri, na diski yenyewe imeondoka bila kuaga.

"Nani kagusa diski ya wanafunzi?" aliiuliza ofisi nzima. "Nauliza kwa upole. Nani mwenye vidole vya kiherehere humu ndani? Nikimjua leo atanitambua!"

Akakaa chini, na hapo ndipo akili ilipomfikia ni kazi ya nani iliyokuwa ndani ya ile diski. Wengine wanane walishakabidhi, kazi zao ziko salama kwingine. Aliyebaki ni mmoja. Kazi ya mwaka mzima, ya kukabidhiwa kesho. Bila hiyo hakuna cheti, na keshokutwa lori la kaka lingepiga honi nje, na binti angepanda na begi lake bila karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba aliwahi kukaa mahali miaka mitatu. Jana alisema amechoka, ndiyo, alisema. Hakusema afutwe.

Halafu akakumbuka kitu ambacho kila fundi wa diski anakijua. Diski ikifutwa wakati mtu bado ameifungua, haifi palepale. Jina linatoka kwenye orodha, hakuna mwingine anayeweza kuiona, lakini mwili unabaki mzima mpaka aliyeishika aachie, au hata azime tu, maana hakuna tena jina la kuirudia. Akiachia yeye tu, basi, imekwenda, hata mganga hairudishi. Sasa nani ameishika? Ni mtu mmoja tu duniani anayeweza kuwa nayo: namba tisa. Na mashine namba tisa, usiku kucha, mtu mwenye akili timamu si angekuwa ameshaizima?

Akatazama. Mashine namba tisa ilikuwa inawaka.

"Mzembe wa Mungu!" alipiga kelele, akaruka kutoka kitini, akapiga makofi. "Hakuzima! Taa zote kazima, hii kaisahau! Jamani, mtoto yule nitambusu!"

Kisha akaiona saa ukutani. Saa nne kasoro dakika saba, siku ya Alhamisi. Kwenye ngazi manukato yalishafika, na nyuma ya manukato alikuwa Zima-Washa na kikombe chake.

Mama Vibanio aliwahi mlango wa chumba cha nyuma akausimamia, mkono huku na mkono huku. Kwa upana wake, hapakubaki pa kupita hata paka.

"Leo huzimi."

"Mama, ni Alhamisi."

"Hata iwe Alhamisi mbili. Mle ndani kuna diski imeshikwa na mtu mmoja. Ukizima, imekufa, na mimi na wewe tutaonana wabaya."

Meneja alimtazama usoni, akaona hakuna utani. Tumpe haki yake, akaweka kikombe chini. "Sawa. Sizimi. Ila..." akasita. "Ujumbe nimeshautuma."

"Ujumbe gani?"

"Ule wa kila Alhamisi. Kwamba saa nne tunazima, kila mmoja afunge mashine yake."

Miezi kumi na moja Upepo alipata ujumbe ule kila wiki, na kila wiki hakuusoma. Wiki yoyote nyingine usingekuwa na madhara. Lakini Upepo wa Alhamisi hii hakuwa yule wa wiki iliyopita. Huyu wa leo alikuwa ameamka na adabu mpya kabisa, na angezima hata jua kama angefikia swichi.

Mama Vibanio alirudi mezani akibana simu kwa bega na shavu huku vidole vikiandika. Alitaka na yeye aishike ile diski, awe mshikaji wa pili, ili hata binti akiachia isife. Programu ilikuwa na amri ya kufanya hivyo. Ilikuwa nayo zamani. Aliiondoa yeye mwenyewe mwaka juzi, akiandika pembeni kwamba hakuna mjinga atakayeihitaji. Sasa mjinga amepatikana, na ilibidi aandike upya mistari kumi na minne.

Simu iliita. Haikupokelewa. Akapiga tena. Haikupokelewa. Na alijua kwa nini, ndiyo maana jasho lilimtoka: Upepo akiona jina la shangazi kwenye simu, huwa anaanza kwanza kuzunguka nyumba akizima vitu, ndipo apokee. Kila alivyozidi kumpigia, ndivyo alivyozidi kumsukuma kwenye ile mashine. Mstari wa tano. Wa sita. Akapiga mara ya tatu.

"Shikamoo shangazi," sauti ikaja, inahema. "Nimezima jikoni, nimezima pasi, nimefunga bomba, nimefunga dirisha la bafuni, ujumbe nimeusoma, na mashine ndiyo naizima sasa hi..."

"USIZIME!"

Ofisi nzima iligeuka.

"Unasemaje?"

"Usizime. Nakuomba."

"Shangazi," Upepo alisema taratibu, "ni wewe? Unaumwa?"

"Ni mimi, siumwi, usizime!"

"Unanitega."

"Sikutegi, mwanangu, Mungu shahidi. Umefika wapi? Niambie kwenye kioo pameandikwa nini."

"Inaniuliza, 'Una hakika unataka kuzima?' Kidole kiko kwenye ndiyo."

"Kitoe hapo! Bonyeza hapana."

Ukapita muda ambao Mama Vibanio aliapa baadaye kwamba ulikuwa wa robo saa, na wenzake wakasema ni sekunde tatu.

"Nimebonyeza hapana."

"Asante. Sasa sikiliza. Hakikisha hiyo mashine haizimiki. Kwa vyovyote vile, isizimike mpaka nikuambie. Umesikia?"

"Mpaka uniambie," Upepo alisema, na shangazi akakata simu, akaendelea na mstari wa saba.

Saa nne na robo mistari ilikamilika. Akaishika diski. Akamhesabu upya na namba tisa, hesabu ikasoma mbili. Akachukua kibanio kitupu kwenye droo, akakibana kambani kando ya namba tisa, bila kukiandika kitu. Kisha akaanza kunakili kila kilichomo kwenda mahali salama. Mafaili yalikuwa yanapita kwenye kioo moja moja, na kwa kuwa yeye ni mtu na ana macho, akasoma. Kazi ya Upepo ilikuwa ndani ya folda iliyoitwa "Vibanio vya Shangazi". Ilikuwa programu ya majirani wanaoazimana vitu: ngazi iko kwa nani, toroli liko kwa nani, nani bado analihitaji, lisirudishwe kabla ya wa mwisho kumaliza. Mwaka mzima Mama Vibanio alidhani akiongea na binti huyu anaongea na ukuta. Aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza, akakaa huko kidogo.

Alipoinuka, Meneja alikuwa amesimama mbele yake.

"Sasa, Mama. Kamba moja, programu sifuri: nani aliyeachia mara mbili?"

Programu huandika kila tendo na saa yake. Akafungua kumbukumbu hizo, ofisi nzima ikijaa nyuma ya kiti chake, maana asubuhi ile alishawatisha wote. Akasoma kwa sauti.

"Jumatano, saa tisa na dakika nne. Mashine namba sita imeanguka, imeachiliwa na programu." Akasogeza miwani. "Saa tisa na dakika sita. Namba sita imeachiliwa kwa mkono."

"Mkono wa nani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Wangu! Hamjui kusoma?"

Walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Alivumilia. Alisimama, akasema, "Nimewatukana asubuhi na kosa ni langu. Nisameheni." Kisha, kwa kuwa ni yeye, akaongeza, "Lakini muione kamba. Namba unaweza kuipunguza mara mbili. Kibanio ukishakitoa kimetoka, huwezi kukitoa tena."

Meneja aliitazama kamba kwa muda. "Basi ibaki," alisema. Akachukua chai yake iliyopoa akaenda zake, na Alhamisi ile, kwa mara ya kwanza, seva haikupumzishwa.

Kunakili kulimalizika, akahakiki, akahakiki tena, watu wakamletea chai, akasimulia kisa mara nne. Saa saba alirudi nyumbani kula.

Alifungua mlango akakuta nyumba imezimwa yote. Mapazia yamefungwa, redio kimya, hata friji imechomolewa na maji yameanza kutiririka chini yake. Kitu pekee kilichokuwa kinawaka ni kioo cha kompyuta kuukuu. Kiti kilikuwa kitupu.

"Upepo?"

"Shikamoo shangazi." Sauti ilitoka chini ya meza.

"Marahaba. Unafanya nini huko?"

"Nimeshika."

Akainama. Binti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, mkono wa kulia ameuegemeza kwenye soketi iliyolegea, kiganja kimebana plagi. Vidole vilikuwa vimebadilika rangi.

"Umeshika nini, mtoto wewe?"

"Plagi. Inachomoka. Ulisema isizimike mpaka uniambie, na hukuniambia." Akavuta kamasi. "Nilikwenda chooni mara moja tu, nikaegesha begi."

Begi lilikuwa pale pembeni yake, limejaa mpaka zipu inalalamika. Lilikuwa zito, lilifaa kuegesha.

Kompyuta ile ya nyumbani ilikuwa dirisha tu la kutazamia. Hata ingezimika, mashine pepe ingeendelea kule kule kwenye seva. Na tangu saa nne na robo, diski ilikuwa imeshikwa na mtu mwingine. Binti hakuyajua hayo, na aliyeyajua alikuwa ofisini anakunywa chai. Mama Vibanio, aliyejenga maisha yake yote juu ya nani ameshika na nani ameachia, alijikalisha sakafuni na sketi yake ya kazini. Saa tatu nzima mtoto ameshika plagi.

"Shangazi, mkono umekufa ganzi. Naweza kuachia?"

"Achia, mwanangu," alisema. "Nimeshika mimi."

Upepo aliachia. Plagi ikachomoka palepale, kioo kikazimika, akaruka kwa hofu, na shangazi akamvuta akamkumbatia, wakakaa vile chini ya meza, begi limewabana miguu. Walikaa mpaka maji ya friji yakafika kwenye sketi.

"Na friji umeichomolea nini?" shangazi alifoka, akifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Maziwa yote yale! Ulizaliwa sokoni kweli?"

"Ulisema nizime."

"Haya inuka, irudishe. Na hilo begi nalo, rudisha nguo kabatini, zinakunjamana."

Upepo alisimama, akalitazama begi, akamtazama shangazi. Alilibeba kwa mkono wa kushoto akaenda nalo chumbani, na mlango wa chumba, kama kawaida yake, akauacha wazi. Shangazi aliuangalia ule mlango, akauacha hivyo hivyo, akatoa simu mkobani.

"Kaka, Jumamosi usije."

"Dada, nimeshaomba ruhusa kazini! Wewe mwenyewe jana umesema mwezi umeisha."

"Najua nilivyosema," alijibu. "Nilikosea hesabu."